Shailoki Aja Unyamwezini: Shajara ya Mchezo wa Uwanjani, Tabora 2024

Shajara hii ni ya kikundi chetu cha maigizo hapa Tabora mjini. Tunauhamisha mchezo wa Shakespeare wa wafanyabiashara wa Venisi uwe mchezo wa watu wa huku, wa kuonyeshwa chini ya miembe, bila ukumbi na bila mfadhili. Kitabuni mfanyabiashara Antonio anamkopa Shailoki, Myahudi anayekopesha kwa riba, kwa dhamana ya ratili ya nyama ya mwili wake. Anashindwa kulipa, na Porshia anamwokoa mahakamani: Shailoki achukue nyama, asimwage damu. Naandika kila hatua inapokamilika. Mwenye kikundi Urambo, Nzega au Kigoma achukue atakacho. Pale tulipopoteza fedha na muda nimepaeleza kwa kirefu zaidi ili asipite njia ileile.

9 Juni 2024: Kitabu na haki zake

Tumeanza kwa kusoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969. Nakala ni moja tu, ya mwalimu mstaafu, jalada limeshikiliwa na gundi. Huku kwetu kitabu hicho kina heshima ya ziada, maana Mwalimu alisoma Tabora School, akarudi kufundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh.

Mistari ya tafsiri ile hatutaitumia. Shakespeare alikufa 1616, kazi yake ni ya kila mtu. Mwalimu alifariki 1999, na sheria yetu ya hakimiliki inailinda kazi ya mtunzi miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo tunasoma ili tuelewe, tunafunga kitabu, tunaandika maneno yetu. Anayetaka kuweka kiingilio alijue hilo mapema, asije akaandika upya mchezo mzima wiki ya onyesho.

Vilivyokatwa siku hiyohiyo ni masanduku ya dhahabu, fedha na risasi, wachumba wote wa Porshia isipokuwa mmoja, na mizaha ya pete. Sivisikitikii. Muda tulionao ni kati ya alasiri na magharibi, na ukitoa dakika za kupanga viti inabaki saa moja na nusu.

Fotokopi 14,000. Chai na vitumbua 9,000.

22 Juni: Bosi wa kausha damu

Wazo la kwanza lilitujia wote kwa pamoja. Shailoki ni mkopeshaji, na wakopeshaji tunao. Tukamvika suti ya kukodi, tukampa ofisi ya mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, vijana wawili wa kukaa mlangoni kwa mdaiwa mpaka rejesho lipatikane, na begi lililojaa kadi za benki za walimu alizozishika kama dhamana. Nusu ya mchezo tukaijaribu uani kwa mama ntilie mmoja wa Isevya, mbele ya wateja wake na majirani.

Walifurahi kupita kiasi, na hapo ndipo palipoharibika. Bosi alizomewa tangu alipotokeza pua. Alipofika kwenye maneno makuu ya tendo la tatu, pale anapouliza kama yeye hana macho, hana mikono, na kama akichomwa hatoki damu, mama mmoja akamjibu kutoka kwenye benchi: "Huna! Godoro langu ulilibeba kwa macho gani?" Uwanja ukaangua kicheko, na mchezaji wetu akasimama pale na suti yake hana pa kushika.

Yule mama alikuwa sahihi. Bosi wa kausha damu ana ofisi, ana karatasi, na akienda kituoni anasikilizwa. Anaogopwa, hadharauliwi. Shailoki wa Shakespeare ni mtu mwingine kabisa. Venisi ya wakati ule iliwafungia Wayahudi katika mtaa wao, Ghetto, tangu 1516, na mageti yakifungwa usiku. Kukopesha kwa riba ilikuwa moja ya kazi chache walizoachiwa. Antonio anamtemea mate mchana kweupe, kisha anakuja kumkopa. Tena Uingereza kwenyewe Wayahudi walikuwa wamefukuzwa tangu 1290, kwa hiyo wengi waliokuwa wakimzomea Shailoki jukwaani huko London, mwishoni mwa miaka ya 1590, walikuwa wanamzomea mtu ambaye hawajapata kukaa naye jirani.

Sisi tulikuwa tumehamisha kazi yake tukaiacha hali yake. Suti imerudishwa, 10,000 ya kukodi imekwenda.

3 Julai: Basi Shailoki ni nani hapa?

Kikao kirefu kuliko vyote, na ndicho ninachomshauri kila kikundi akifanye kabla ya kukodi chochote.

Dereva bodaboda wetu alitaka Shailoki awe Mwarabu mwenye duka. Tukamkatalia. Tabora imekaa na familia zenye asili ya Kiarabu tangu enzi za misafara ya Unyanyembe, watoto wao wamo hata katika kikundi hiki, na mchezo wa kunyooshea jirani kidole hauhitaji Shakespeare. Mwingine akapendekeza mtu aliyetoka Burundi, mzee wa Ulyankulu, kwenye makazi ya waliokuwa wakimbizi, aliyekwisha kupewa uraia. Huyu alikuwa na hoja ya maana, kwa sababu sheria inayommaliza Shailoki mahakamani ni sheria ya wageni: anaishi Venisi, anafanya kazi Venisi, lakini siku ya hukumu anakuwa mgeni. Nusu yetu tuliipenda. Waliokataa walisema kwamba mtu akitoka uwanjani atamtafuta mzee wa namna hiyo mtaani kwake, na hatutakuwepo kumweleza tulimaanisha nini.

Aliyetufungua ni nesi mstaafu aliyekuja kwetu kama mshonaji wa mavazi. Alikuwa anapiga pindo, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Wanangu, mnamtafuta mbali. Mtu anayekopwa usiku na kutemewa mate mchana ni bibi kizee mwenye macho mekundu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kanda ya Ziwa na huku kwetu wameuawa vikongwe kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi, macho yaliyoivishwa na moshi wa kuni na wa samadi kwa miaka yote ya kuwapikia hao hao wanaowashuku. Mjane wa namna hiyo akiwa na akiba, hapo ameongeza kosa, maana wataulizana kaipata wapi.

Basi Shailoki wetu ni Bi Kalunde, mjane, ana ng'ombe wachache, mizinga, na fedha anazokopesha kwa riba kwa sababu ukoo wa mumewe ulimnyang'anya shamba akabakiwa na hizo tu. Maneno yake ya tendo la tatu yaliandikwa jioni ileile, na mpaka leo hayajabadilika:

"Mimi sina macho? Moshi wa kuni unawawasha ninyi, mimi hauniwashi? Mkinichoma mwiba sitoki damu? Mtoto wenu akiugua degedege usiku, mlango wa nani mnaugonga? Sasa mkinidhulumu nisilipize. Hilo nilifundishwa na nani, kama si ninyi?"

14 Julai: Ratili ya nyama na nyumba ya tope

Deni tumeliacha kama lilivyo kwa hesabu: dukati 3,000 kwa miezi mitatu zimekuwa shilingi milioni 3 kwa miezi mitatu. Meli za Antonio zimekuwa marobota ya tumbaku. Mzee Antoni ni mkulima mkubwa, anakopa kwa ajili ya mpwa wake anayetaka kupeleka mahari, akiamini malipo ya tumbaku yatawahi. Hayakuwahi. Watu wa huku hawahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Dhamana ndiyo iliyotutesa. Tulianza na nyama kama kitabuni. Nilikwenda buchani nikanunua nusu kilo, ambayo inazidi ratili kidogo tu, tukaiweka kwenye mizani mbele ya kifua cha mchezaji ili tuone ukubwa wake. Ni kipande kinachojaa kiganja na kumwagika pembeni. Kwa dakika moja uani palikuwa kimya. Kisha nzi wakaja, na kijana wa sheria aliyekuwa anatazama akasema mkataba wa kumkata mtu ni batili tangu unaposainiwa, baraza lolote litautupa, mchezo umeisha. Tulimjibu kwamba kule Venisi wanaogopa kuvunja mkataba kwa sababu biashara ya mji inategemea wageni kuiamini sheria yake. Akasema hapa hatuko Venisi. Nyama ikapikwa.

Nyumba ilitokana na kicheko. Mtu aliuliza: je, kama dhamana ni nyumba, Porshia atafanya ujanja gani? Fundi mmoja akajibu hapohapo: "Achukue nyumba, asiguse kiwanja." Ukiangalia nyumba ya matofali ya tope unaona ana maana gani. Tofali lilifyatuliwa palepale, shimo la udongo bado liko nyuma ya choo. Mkataba wa Bi Kalunde umeandika "nyumba", haukuandika udongo. Mabati ni yake, milango ni yake, lakini akiondoka na chembe moja ya udongo wa kiwanja cha Antoni amekuwa mwizi. Ndiyo damu ile ile ya kitabuni, isipokuwa huku inajengewa ukuta.

Kwa hiyo kisu kinachonolewa kwenye soli ya kiatu kimekuwa sururu. Bi Kalunde anaingia barazani ameiweka begani.

Vijana walinung'unika kwamba roho ya mtu haiko hatarini tena. Kweli haiko. Mimi naona tumefaidika, kwa sababu sasa adhabu atakayopewa bibi mwishoni ni kubwa kuliko kosa alilotaka kulitenda, na mtazamaji hana pa kujificha. Mwalimu wa fasihi naye alilalamika kwamba tunamharibia Shakespeare kazi. Nilimkumbusha kuwa Shakespeare mwenyewe aliichukua hadithi ya ratili ya nyama kutoka masimulizi ya Kiitaliano ya Ser Giovanni Fiorentino, yaliyochapishwa 1558, na humo mkopeshaji hana jina wala binti. Jina na binti ameviongeza yeye. Mwalimu akanyamaza, ila hakuridhika.

Nyama 5,000. Mizani ya kuazima.

30 Julai: Porshia na baraza

Kitabuni Porshia anajigeuza mwanaume kwa sababu mwanamke hawezi kusimama kama mwanasheria. Hapa mawakili wanawake wamejaa, kwa hiyo kumvika suruali kulikuwa mzaha mtupu. Tulijaribu akachekwa.

Suluhisho limetoka kwenye sheria yenyewe. Shauri tumelipeleka Baraza la Kata, na katika mabaraza hayo wakili haruhusiwi kumsimamia mtu kama wakili. Hivyo Porshia wetu, anayeitwa Posia, ni wakili kutoka Dar es Salaam anayelazimika kuficha uwakili wake. Anavaa vitenge, anajifunga mtandio, anaingia kama mkwe mtarajiwa asiyejua kitu, na kila akikaribia kutaja kifungu cha sheria anajiuma ulimi. Kwenye mazoezi ndilo jambo lililochekesha kuliko yote.

Angalizo kwa mwenye kunakili: tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, mabaraza ya kata yanasuluhisha tu migogoro ya ardhi, hayatoi hukumu. Tumeuweka mchezo mwaka 2010, na tarehe inatajwa mapema na mtangazaji wa redio. Msipofanya hivyo, atanyanyuka mtu kuwasahihisha katikati ya onyesho.

Binti wa Shailoki amekuwa mjukuu. Hatoroki na kasha la dukati kupitia dirishani. Anatoroka na laini ya simu ya bibi pamoja na namba ya siri, anapanda treni ya Kigoma na mpenzi wake, na fedha anazitoa kidogokidogo kwa mawakala. Pete ya Lea, mkewe Shailoki, ile ambayo binti aliibadilisha kwa nyani, kwetu ni baiskeli ya Phoenix ya marehemu babu, iliyobadilishwa Kigoma kwa sabufa. Bibi akiletewa habari hiyo hasemi kitu juu ya fedha. Anauliza kama walimwachia hata kengele.

11 Agosti: Macho

Bi Kalunde wa kwanza alikuwa kijana aliyevaa khanga na kujipinda mgongo, mtindo tuliouzoea kwenye vichekesho. Watu walianza kucheka kabla hajasema neno, na wakaendelea. Akapewa nafasi ya mpwa. Nesi wetu alikataa, akakataa tena, kisha akasema atasoma tu mpaka tumpate mtu. Hatukumtafuta.

Likaja suala la macho mekundu. Kitunguu kilimliza mpaka sauti ikakatika. Rangi ya midomo iliyopakwa chini ya kope ilionekana safi kwa karibu, lakini kutoka mstari wa nyuma alionekana amepigwa. Kijana mmoja alileta wazo la pilipili, na nesi akamtoa nje kwa maneno ambayo sitayaandika.

Sasa hatumpaki chochote. Macho yake ni meupe kama ya mtu yeyote wa umri wake. Wenzake ndio wanaosema ni mekundu, kila mmoja kwa zamu yake, tangu mwanzo wa mchezo. Tulipojaribu mbele ya majirani, niliwaona watu wawili wakisogea mbele kumchungulia usoni, na baadaye mmoja akaapa kwangu kwamba kweli ni mekundu, ameyaona mwenyewe.

Rangi na kitunguu 6,500. Doti mbili za khanga 26,000.

26 Agosti: Kibali

Hatua za kibali ni za kawaida: usajili wa kikundi, barua kwa Afisa Utamaduni, muhtasari wa mchezo, barua ya mwenye uwanja. Nendeni mapema asubuhi na nakala za kutosha.

Swali tuliloulizwa lilikuwa moja na lilikuwa la haki: je, kuna mtu anatajwa kuwa mchawi? Sheria ya Uchawi, iliyoanza kama amri ya 1928, inamtia hatiani anayemtuhumu mwenzake uchawi. Tulirudi tukaupitia mchezo mzima na kulifuta neno lenyewe kila lilipokuwa. Wanasema "yule", wanasema "unamjua mwenyewe", wanasema "kwake hapalaliki". Mchezo umekuwa mzito zaidi, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema kweli.

Nauli na nakala za kufuatilia 22,000.

7 Septemba: Onyesho la kwanza

Uwanja wa shule, Isevya. Spika, maiki na jenereta ya kukodi 70,000, petroli 16,000. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta.

Yaliyoharibika: maiki ilianza kukoroma kila upepo ulipopuliza (soksi nyepesi ilitibu). Tofali la tope ambalo Posia analiinua kuuliza "Hili ni nyumba au ni kiwanja?" lilimpasukia mkononi kabla ya swali, vumbi likamwagika kwenye meza ya baraza. Mwenyekiti wa baraza, ambaye maisha yake mengine ni fundi cherehani, alilikung'uta kutoka kwenye karatasi zake akasema, "Hiyo ni ya nani sasa?" Uwanja ulilipuka. Tangu hapo tofali tunalilowesha pembeni usiku wa kuamkia onyesho ili livunjike kwa hakika.

La maana zaidi ni mwisho. Kitabuni Antonio, kama sharti la kumhurumia, anataka Shailoki abatizwe. Kwetu baraza linafunga shauri, Bi Kalunde amepoteza mkopo wote, na Mzee Antoni anasimama kuomba kwa upole kwamba wasimfukuze mtaani: anyolewe tu njia panda, asafike na kile anachoshukiwa, akae na wenzake kwa amani. Anaita hiyo huruma. Mwenyekiti anakusanya karatasi zake na kutazama kwingine.

Watu walipiga makofi. Walidhani mzee amekuwa mwema. Mara baada ya hapo ngoma ya harusi ya mpwa iliingia, na nyoyo zote zikahamia kwenye ngoma.

22 Septemba: Onyesho la pili, na hesabu

Tumebadili mambo mawili tu. Ngoma inaingia kabla Mzee Antoni hajamaliza maombi yake, kwa hiyo anasema neno "huruma" akiwa tayari anapunga mkono kwa wapiga ngoma. Na kunyoa hakusimuliwi tena, kunafanyika: nesi wetu alikubali kunyolewa kweli, kwa mkasi na kisha wembe mpya, akiwa amekaa kwenye kigoda pembeni mwa wachezaji ngoma. Alituambia nywele zake ni zake na zitaota. Safari hii makofi yalianza mbele yakafa katikati. Mama mmoja alivuka kamba, akavua mtandio wake, akamfunika bibi kichwa, akarudi kukaa. Hatukulipanga na hatutaliweka kwenye mswada, maana likipangwa litakuwa igizo.

Kuna waliosema tumeuharibu mwisho wa furaha. Hoja hiyo ina umri. Edmund Kean alipomcheza Shailoki London mwaka 1814 kama binadamu mwenye uchungu, si zimwi, alibadili namna mchezo unavyotazamwa, na ngoma za tendo la tano hazijawahi kukaa vizuri tangu hapo.

Matumizi ya maonyesho yote mawili pamoja na mazoezi: 317,000. Kiingilio cha 1,000 kwa mkubwa, watoto bure, kilirudisha 241,000. Pengo tumelichangia wenyewe. Eneo la kupunguza ni spika: uwanja mdogo uliozungukwa na kuta hauzihitaji, na Bi Kalunde anasikika vizuri zaidi bila maiki.

Wenzetu wa Ujiji wameomba mswada. Nimewaambia watoe tumbaku waweke ziwa. Mwaka huu Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu kamili, na mkopo wa Antonio ni wa miezi mitatu. Mvuvi aliyekopa akitegemea kulipa siku ziwa linafunguliwa, kisha asipate samaki wiki ya kwanza, hana haja ya meli kuzama. Nyumba ya tope waiache ilivyo. Mswada uko kwetu, kurasa 38, anayeutaka analipia fotokopi.